Tutakula wapi? Siku moja na familia ku Disneyland Paris



Watu wengi wa kwetu, Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, wako na ndugu ku Ulaya, zaidi Ubelgiji na Ufaransa. Muzazi akienda kule kutembelea watoto wake, siku moja watamwambia: "Mama, kesho tunaenda Disneyland." Na sisi tunaobaki hapa tunapokea foto: mutoto amevaa masikio ya panya kichwani, na nyuma yake nyumba kubwa ya kifalme ya rangi ya waridi. Lakini kuko jambo moja foto haionyeshi. Tangu asubuhi mpaka usiku familia ile ilikuwa na ulizo moja lisilokwisha, nalo ni: tutakula wapi?

Wengine watasema hili ni ulizo dogo. Si dogo. Mutu mwenye ugonjwa wa sukari, mama mwenye mimba, muzee, mutoto wa miaka miwili, hao hawawezi kungoja mpaka njaa itoe shauri. Na baba wa familia anaweza kurudi nyumbani na mufuko mutupu, si kwa sababu ya michezo, ila kwa sababu ya sahani. Basi tueleze pahali pale namna palivyo, na namna familia inaweza kuchagua.

PAHALI PENYEWE

Disneyland Paris haiko ndani ya muji wa Paris. Iko Marne-la-Vallée, karibu kilometa 32 upande wa mashariki. Ilifunguliwa tarehe 12 Aprili 1992, na jina lake la kwanza lilikuwa Euro Disney. Mwenye kutoka katikati ya Paris anapanda treni ya RER A, na kwa dakika karibu 40 anafika kituo cha mwisho, mbele kabisa ya milango. Ndugu zetu wa Bruxelles wanakwenda kwa motokari, safari ya kilometa zaidi ya 300.

Kuko bustani mbili za michezo. Ya kwanza ni ile ya 1992, ya pili ilifunguliwa mwaka wa 2002. Mulango wa moja na mulango wa ingine ni dakika chache kwa miguu. Karibu nazo kuko barabara ya maduka na restora inayoitwa Disney Village. Mule mutu anaingia bila tike ya bustani.

Ndani ya bustani, nyumba za kula ni nyingi, na kila moja imejengwa kwa kufuata hadisi. Captain Jack's iko ndani ya jengo la mchezo wa wanyanganyi wa bahari. Wakati unakula, mitumbwi ya wenye kucheza inapita mbele yako mu giza. Bistrot Chez Rémy, ya bustani ya pili, ilifunguliwa mwaka wa 2014 kwa kufuata filamu Ratatouille ya 2007, hadisi ya panya aliyejua kupika. Mule vitu vyote ni vikubwa sana, sawa vile wewe mwenyewe umekuwa panya chini ya meza ya watu. Ku Auberge de Cendrillon watoto wanakula, na mabinti wa mufalme wanapita meza kwa meza kuwasalimia.

Na kuko moja yenye jina la lugha yetu: Restaurant Hakuna Matata, mu sehemu ya Adventureland. Mwanzo ilikuwa na jina la Kifaransa, ikabadilishwa kisha filamu ya simba, The Lion King, kutokea mwaka wa 1994. Muzungu anasoma jina lile kama wimbo. Sisi tunalisoma kama habari. Kwetu matata tunayajua, na tunajua siku gani hayako.

MWENYE MULANGO NI MWENYE CHUNGU

Wazee wetu waliofanya kazi ku Union Minière na kisha ku Gécamines wataelewa jambo hili upesi kuliko wengine. Nyumba ilikuwa ya kampuni, masomo ya kampuni, hospitali ya kampuni, na unga ulitoka kwa kampuni. Wakati kampuni ilikuwa na nguvu, chungu kilijaa. Wakati ilianguka, chungu nacho kilianguka. Mwenye kushika mulango alishika na chungu.

Bustani ya michezo inatumika karibu namna ile, lakini kwa siku moja tu. Umekwisha kulipa tike, umekwisha kuingia na watoto, na masoko ya kawaida yako mbali. Ukisikia njaa saa saba, utakula kile mwenye bustani ameweka, kwa bei aliyoandika. Hii si wizi, ni namna ya biashara yao: mutu anayekaa siku nzima atakula mara mbili ao tatu, na pale kampuni inapata feza nyingi. Lakini familia yenye akili inajua jambo hili mbele ya kuingia, si kisha.

Pale kuko tofauti moja kubwa na kambi ya kazi. Ku Disneyland mutu anaweza kutoka inje na kurudi siku ileile na tike yake. Mulango haufungwi nyuma yako. Familia nyingi zinasahau hilo.

HATA WENYE KUJENGA WALIJIFUNZA

Jambo la kula limesumbua hata kampuni yenyewe tangu zamani. Bustani ya kwanza ya Walt Disney ilifunguliwa Anaheim, mu California, tarehe 17 Julai 1955. Siku ile watu walikuja wengi kupita namna walivyongojewa, na vyakula vikakwisha mu restora. Mafundi wa maji walikuwa wamegoma mbele ya hapo, wakati ukakosekana, Disney akapashwa kuchagua: mabomba ya kunywa ao vyoo. Akachagua vyoo. Jua lilikuwa kali, na watu walikasirika.

Mwaka wa 1992 ku Ufaransa, mambo mengine yakatokea. Waamerika wamezoea kula wakitembea, saa yoyote, kitu hiki mukononi, kitu kile mukononi. Watu wa Ulaya walifika, wakatembea vizuri mpaka karibu saa sita na nusu ya muchana, halafu wote pamoja wakataka kuketi mezani. Milongo ikawa mirefu. Tena wenye kampuni waliambiwa kwamba watu wa Ulaya hawali sana asubuhi, basi wakajenga vyumba vya kula vidogo mu hoteli. Kumbe wageni wote walishuka asubuhi kuomba chakula, na si kahawa na mukate tu, ila mayai na nyama. Mu chumba kimoja chenye viti 350, watu 2,500 walitaka kula. Na divai haikuuzishwa ndani ya bustani, wakati Mufaransa anaona chakula bila divai sawa na bukari bila mboga. Mwaka wa 1993 kampuni ilikubali, divai ikaingia.

Tunasema haya si kwa kucheka. Tunasema kwa sababu mara nyingi mutu wa kwetu akifika pahali pakubwa kama pale, anaona haya ya namna yake ya kula. Anafikiri wenye pahali wanajua, yeye hajui. Lakini kampuni kubwa, yenye wasomi na mahesabu, ilipashwa kujifunza saa ya kula ya watu na kubadilisha sheria yake. Kama wao walibadilika kwa kufuata tumbo la Mufaransa, wewe pia uwe na uhuru wa kufuata tumbo la watu wako.

NAMNA INE ZA KULA

Ukitazama vizuri, utaona kuko njia ine tu.

Ya kwanza ni kusimama mbele ya dirisha, kuomba, kulipa na kubeba mwenyewe. Ni njia ya upesi na ya bei ndogo kwa pale. Utapata hamburger, pitsa, kuku, samaki na viazi vya kukaanga. Lakini katikati ya muchana mulongo ni murefu, na kupata meza kwa watu saba ni kazi.

Ya pili ni bufe. Unalipa bei moja, unakula namna unavyotaka. Kuko Plaza Gardens mwisho wa Main Street, karibu na nyumba ya kifalme, na Agrabah Café yenye vyakula vya namna ya Waarabu na ya inchi za Mediterane. Bufe ni ghali kupita dirisha, lakini kwa familia yenye watu wa matumbo mbalimbali ni njia ya kufikiri sana: muzee anapata mboga na samaki, mutoto anapata makaroni, na hakuna kugombana.

Ya tatu ni meza ya kutumikiwa, na juu yake zaidi meza ya mabinti wa mufalme. Pale haulipi chakula tu. Unalipa na mchezo wa mezani, na bei inapanda sana. Lazima kuomba nafasi siku nyingi mbele.

Ya ine ni chungu chako mwenyewe. Ndani ya bustani hawakubali pikniki kubwa, wala sanduku la barafu, wala chupa za kioo, wala pombe. Kitu kidogo cha mukononi, kama mukate ao biskuti ao tunda, hakikatazwi, na maji ya bomba ya kunywa ni ya bure. Kwa chakula kamili kuko pahali pa pikniki inje ya milango. Tena mu Disney Village kuko McDonald's na restora zingine kwa wale wasiotaka kulipa bei ya ndani. Na kituo kimoja cha treni mbele ya kufika, Val d'Europe, kuko soko kubwa la Auchan. Familia inashuka pale, inanunua mikate, matunda na maji, halafu inaendelea.

NAMNA FAMILIA MOJA ILICHAGUA

Mwezi wa nane wa mwaka 2019 mimi na mama yetu tulikuwa Bruxelles, ku nyumba ya yaya yangu. Tulikwenda watu saba: yaya na bibi yake, watoto watatu wa miaka 12, 9 na 5, mama yetu, kaku wa watoto wale, na mimi. Mama iko na ugonjwa wa sukari. Anakunywa dawa asubuhi, na saa sita ikipita bila chakula, mikono inaanza kutetemeka na jasho linatoka.

Usiku wa mbele, mazungumzo yalikuwa makali. Watoto walitaka meza ya Cendrillon, kwa sababu rafiki wa masomo alikula kule. Shemeji yangu alikuwa amekwisha kuweka kuku mu jiko.

"Tutakulia inje," akasema. "Sahani yao moja, kule Likasi unakaribia kupata saki ya unga ya mama."

Yaya akakataa: "Mama alikuja Ulaya mara moja. Siwezi kumukalisha inje na sahani ya plastiki, sawa vile hatuna kitu."

Kila mutu alikuwa na sababu yake, na kila sababu ilikuwa nzuri. Shemeji alifikiri makuta, yaya alifikiri heshima, watoto walifikiri furaha. Mama alisikiliza kwanza, kisha akasema: "Ninyi munagombana juu ya pahali. Mimi nauliza tu: saa ngapi?"

Tukanyamaza. Hakuna mutu aliyekuwa amefikiri saa.

Kuanzia pale shauri likawa jepesi. Yaya akachukua karatasi, akaandika juu: saa sita. Tuliuliza pahali gani mama ataweza kuketi vizuri kivulini, kupata samaki na mboga, na kula bila kungoja mbele ya saa sita. Jibu likawa bufe ya Plaza Gardens, na yaya akaomba nafasi palepale kwa telefone. Kuku wa shemeji hakutupwa: atabaki mu sanduku la barafu mu motokari, tutamula jioni inje, halafu tutaingia tena kuona taa za usiku. Mikate na mayai vitakuwa mu saki ya shemeji kwa saa ine.

Ikabaki meza ya Cendrillon. Yaya hakuwafokea watoto. Alimupa mukubwa telefone akasema: "Tafuta bei, hesabu kwa watu saba." Mutoto akahesabu. Kwa miaka 12 yeye mwenyewe alikuwa wa kulipa bei ya wakubwa, maana bei ya watoto inakwisha ku miaka 11. Akatazama hesabu, akatazama baba yake. "Papa, hapana," akasema. "Tutamusalimia binti wa mufalme mu njia." Wadogo wakakubali kwa sababu mukubwa wao alisema, si kwa sababu baba alikataza.

Siku yenyewe ilikwenda namna ya karatasi. Tulipita mbele ya Hakuna Matata, na mutoto wa miaka tano akaanza kuimba. Mama akasimama, akasoma jina, kisha akasoma karatasi ya bei iliyo pale. "Matata hakuna," akasema, "lakini beyi iko." Tulicheka mpaka watu wakatutazama.

Mbele ya saa sita tulikuwa mezani. Mama alitwaa samaki, karoti na haricots, akaacha keki zote, isipokuwa kipande kidogo alichokiomba mu sahani ya mujukuu. Tuliketi saa moja na nusu. Watoto walisimulia michezo ya asubuhi, mama akasimulia namna kambi ilivyokuwa wakati baba yetu alikuwa kijana wa muhandaki. Ku Bruxelles kila mutu anakula kwa saa yake, baba usiku, mama mbio, watoto mbele ya televizio. Shemeji aliniambia kwamba meza kama ile hawakuipata tangu Noeli.

Kisha mama akaomba kuona hesabu. Yaya alitaka kuificha, lakini muzazi hafichwi. Akaitazama, akanyamaza kidogo, akasema: "Basi mutoto asiache kitu mu sahani."

SHAURI KWA WENYE KWENDA

Kwanza, shauri la kula lifanywe nyumbani usiku wa mbele, na watu wote wakiwa pale. Njaa ikiisha kuingia, hakuna shauri tena, kuko makelele tu.

Pili, anzeni na yule asiyeweza kungoja. Mwenye sukari abebe dawa zake na kitu kitamu mu mufuko, hata kama restora iko karibu. Bei na raha vifuate nyuma ya saa yake, si mbele.

Tatu, ku Ufaransa wenye kula wanajaa kati ya saa sita na saa nane ya muchana. Mwenye kula saa tano na nusu, ao kisha saa nane na nusu, anakula na amani.

Ine, someni bei inje. Sheria ya Ufaransa inaomba restora ionyeshe vyakula na bei zake ku mulango, mbele ya mutu kuingia. Na mukikaa mezani, ombeni karafe ya maji. Maji ya bomba pamoja na chakula ni bure, na kuyaomba si haya. Maji ya chupa kwa watu saba ni feza.

Tano, mahesabu yasifichwe kwa watoto wakubwa kidogo. Mutoto anayejua bei atasema "hapana" mwenyewe. Mutoto asiyejua atafikiri baba hamupendi.

Sita, nunueni meza moja nzuri kwa siku, si tatu. Zingine zitoke mu chungu cha nyumbani. Ile moja watoto wataikumbuka.

Na ninyi musiokwenda Ulaya, maneno haya ni yenu pia. Siku mutapeleka watoto ku jardin zoologique ya Lubumbashi, ao kwa ndugu Kolwezi, ao kando ya mto siku ya sikukuu, mutapata ulizo lilelile. Wengine wataanza na makuta, wengine na heshima. Anzeni na muzee wenu, na mutoto wenu mudogo, mukiuliza: huyu anapashwa kula saa ngapi? Pahali patapatikana.